Amri Ikirudi Mikono Mitupu: Kushughulikia Jibu Tupu la popen Katika C

Folda zilikuwa nne: `/mnt/akib`, `/mnt/aki`, `/mnt/ak` na `/mnt/a`. Hakuna mtu aliyezitengeneza.

Nilizikuta jioni moja kwenye seva ndogo ya duka la dawa za jumla, baada ya kupigiwa simu kwamba mfumo wa mauzo umegoma. Diski ya seva ilikuwa imejaa pomoni. Programu ya C niliyoiandika mwenyewe ilikuwa na kazi moja tu: kila saa iulize diski ya nje ya akiba imepachikwa wapi (yaani imeunganishwa kwenye folda gani, "mount"), kisha inakili hifadhidata huko. Siku hiyo saa nane mchana mhasibu alikuwa ameiondoa diski kwa utaratibu wote, akaenda nayo nyumbani kama tulivyokubaliana. Tangu hapo, programu kila ilipoiuliza amri ya `lsblk`, inayoorodhesha diski za kompyuta, haikupata hata herufi moja. Ikaendelea kutumia jibu la zamani, na kila ilipolitumia ikalikata herufi ya mwisho. Saa tisa `akib`, saa kumi `aki`, saa kumi na moja `ak`, saa kumi na mbili `a`, na kila folda ikabeba nakala nzima ya hifadhidata ndani ya diski ya seva yenyewe.

Mwongozo huu ni wa kuzuia jambo hilo. Nitatumia mfano uleule wa `lsblk` kwenye Linux, kwa sababu amri hii moja inaweza kukuonyesha aina zote za utupu utakazokutana nazo.

Hatua ya 1: Utazame utupu kwa macho kabla ya kuandika C

Fungua terminali uendeshe amri kwa mkono, lakini usiridhike na kile unachokiona kwenye skrini. Skrini haikuonyeshi tofauti kati ya kutopata kitu na kupata mstari usio na maneno. Pitisha jibu kwenye `od -c`, inayoonyesha kila baiti. Diski ikiwa imepachikwa:

```
$ lsblk -no MOUNTPOINT /dev/disk/by-label/AKIBA | od -c
0000000   /   m   n   t   /   a   k   i   b   a  \n
0000013
```

Diski ikiwa imechomekwa lakini haijapachikwa:

```
0000000  \n
0000001
```

Na diski ikiwa haipo kabisa:

```
lsblk: /dev/disk/by-label/AKIBA: not a block device
0000000
```

Mara ya pili limekuja jibu la baiti moja, alama ya mstari mpya peke yake. Mara ya tatu hakuna baiti hata moja. Yale maneno ya kulalamika yamepita mkondo mwingine, wa makosa, `stderr`, ambao `popen`, fanksheni ya C inayoendesha amri na kukuletea jibu lake, haiushiki. Kwa mtu anayetazama skrini, hali zote mbili ni "haijarudisha kitu". Kwa programu yako ni mambo mawili tofauti, na kila moja litakuumiza kwa namna yake.

Sasa endesha amri tena bila `od`, na papo hapo andika `echo $?` uone namba ya kutoka. Diski ikiwepo, imepachikwa au haijapachikwa, utapata 0. Isipokuwepo utapata namba isiyo sifuri. Matoleo ya karibuni ya `lsblk` hutoa 32 kwa kifaa kisichopatikana. Ukiuliza `$?` baada ya mstari wenye `| od -c`, utapata namba ya `od`, si ya `lsblk`. Hilo tutalirudia, kwa sababu linawaponza watu wengi.

Hatua ya 2: Ujue msimbo mbaya ukiuona

Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika, na nimeuona msimbo wa namna hii mahali pengi sana:

```c
char njia[256];

for (;;) {
    FILE *f = popen("lsblk -no MOUNTPOINT "
                    "/dev/disk/by-label/AKIBA", "r");
    fgets(njia, sizeof njia, f);
    njia[strlen(njia) - 1] = '\0';
    pclose(f);
    nakili(njia);
    sleep(3600);
}
```

Unakompaili, na siku zote ambazo diski ipo unafanya kazi vizuri. Tatizo lipo kwenye mistari miwili ya katikati.

Kiwango cha C kinasema wazi kwamba `fgets` ikikuta mwisho wa faili kabla ya kusoma herufi yoyote, inarudisha `NULL` na bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea jibu, hapa `njia`) inabaki kama ilivyokuwa. Haifutwi wala haiwekewi sifuri mwanzoni. Kama ni mzunguko wa kwanza, ndani mna takataka zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Kama ni mzunguko wa pili, ndani mna jibu la mara iliyopita, safi kabisa, linalofanana na ukweli. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana takataka zitakushtua mapema lakini jibu la jana halimshtui mtu.

Kisha unakuja mstari wa `strlen(njia) - 1`. Nia yake ni kuondoa alama ya mstari mpya. Lakini hauangalii kama alama hiyo ipo; unakata tu herufi ya mwisho, iwe nini iwe nini. Ndiyo maana jina la folda yangu lilipungua herufi moja kila saa. Na kama bafa ni tupu kabisa, `strlen` inarudisha 0. Namba hiyo ni ya aina isiyokubali hasi, kwa hiyo 0 kutoa 1 inageuka namba kubwa mno, na programu inaandika baiti kabla ya mwanzo wa bafa, mahali ambapo si pake. Inaweza kuanguka papo hapo. Inaweza pia isianguke, ikaharibu kigezo cha jirani, nawe ukatafuta kosa wiki nzima mahali ambapo halipo.

Ile hali ya mstari mtupu ina balaa lake. Hapo `fgets` inafaulu, inasoma `\n`, inakatwa, na njia inabaki `""`. Fanksheni ya kunakili ikiunganisha `""` na `/bakapu.sql`, inapata `/bakapu.sql`, yaani kwenye mzizi wa diski kuu.

Kompaila ingenisaidia kama ningeisikiliza. Kwenye Ubuntu, `gcc -O2` hulalamika kwamba umepuuza jibu la `fgets`. Kompaili kwa `-Wall -Wextra -O2`, na wakati wa majaribio ongeza `-fsanitize=address` ili uandishi wa nje ya bafa ukamatwe pale unapotokea.

Hatua ya 3: Soma jibu lote, na uihifadhi hali ya amri

Fanksheni ifuatayo haiamui chochote. Inakusanya ushahidi tu: baiti ngapi zimekuja, na amri imetoka vipi.

```c
#define _POSIX_C_SOURCE 200809L
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <sys/types.h>
#include <sys/wait.h>

ssize_t soma_amri(const char *amri, char *bafa,
                  size_t ukubwa, int *hali)
{
    size_t jumla = 0, n;
    int mbovu = 0;
    char ziada[512];

    bafa[0] = '\0';
    *hali = -1;

    FILE *f = popen(amri, "r");
    if (f == NULL)
        return -1;

    while (jumla < ukubwa - 1 &&
           (n = fread(bafa + jumla, 1,
                      ukubwa - 1 - jumla, f)) > 0)
        jumla += n;
    bafa[jumla] = '\0';

    while (fread(ziada, 1, sizeof ziada, f) > 0)
        mbovu = 1;              /* jibu limezidi bafa */
    if (ferror(f))
        mbovu = 1;

    *hali = pclose(f);
    return mbovu ? -1 : (ssize_t)jumla;
}
```

Mstari wa `bafa[0] = '\0'` unakuja kabla ya kitu kingine chochote. Huo ungezuia jibu la zamani lisitumike tena kwenye seva ya lile duka.

Nimetumia `fread` badala ya `fgets` kwa sababu nataka jibu zima, si mstari wa kwanza. Ukiipa `lsblk` diski nzima kama `/dev/sdb` badala ya kipande chake, mstari wa kwanza unakuwa wa diski yenyewe, ambao kwa kawaida ni mtupu, na mahali pa kupachikwa panakuja mstari wa pili. Anayesoma mstari mmoja ataapa kwamba diski haijapachikwa.

Mzunguko wa pili, ule wa `ziada`, unaweza kuonekana kama upotevu wa muda. Upo kwa sababu ukifunga bomba, yaani njia inayoleta jibu la amri kwenye programu yako, wakati amri bado inaandika, amri inapigwa na ishara ya SIGPIPE, ambayo ni namba 13, na hali utakayoipata kwenye `pclose`, inayofunga bomba na kurudisha hali ya amri, itasema amri imeuawa. Umeiua wewe mwenyewe. Ukinywa jibu lote hadi mwisho, hali unayoipata ni ya amri kweli.

Hasara yake ni kwamba amri isiyoisha itakushikilia milele. Kama kuna uwezekano huo, tanguliza `timeout 10` mbele ya amri; muda ukipita, `timeout` inaikatisha amri na kutoka na namba 124.

Hatua ya 4: Amua maana ya kimya

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa UNIX ni hivyo tangu zamani. Bomba liliingia kwenye UNIX mwaka 1973, kwa wazo la Doug McIlroy na kazi ya Ken Thompson, na desturi iliyokua nalo ni kwamba amri isiyo na la kusema inyamaze, ili inayofuata kwenye bomba isilishwe maneno ya bure. `grep` isipoona kitu haisemi "sijaona". Inanyamaza, kisha inatoka na namba 1. Ikishindwa kufungua faili, inatoka na 2. Kwa hiyo baiti ni nusu ya jibu, na nusu ya pili imo kwenye namba ya kutoka. Mwenye kusoma nusu moja hajajibiwa.

```c
typedef enum {
    JIBU_LIPO, JIBU_TUPU, AMRI_IMEKATAA, HATUJUI
} Jibu;

Jibu pima(ssize_t n, int hali, const char *bafa)
{
    if (n < 0 || hali == -1 || !WIFEXITED(hali))
        return HATUJUI;

    int namba = WEXITSTATUS(hali);
    if (namba == 124 || namba == 126 || namba == 127)
        return HATUJUI;
    if (namba != 0)
        return AMRI_IMEKATAA;
    if (bafa[strspn(bafa, " \t\r\n")] == '\0')
        return JIBU_TUPU;
    return JIBU_LIPO;
}
```

Hapa pana dhana moja ya kuing'oa. Watu wengi hudhani amri isipokuwepo kwenye kompyuta, `popen` itarudisha `NULL`. Hairudishi. `popen` haiiti amri yako moja kwa moja. Inaiita sheli, yaani `/bin/sh`, na sheli ipo. `NULL` inakuja pale tu mfumo unaposhindwa kutengeneza bomba au mchakato mpya, jambo la nadra. Amri ikikosekana, sheli inalalamika kwenye `stderr`, inatoka na 127, nawe unapata baiti sifuri. Namba 126 maana yake faili limepatikana lakini haliwezi kuendeshwa, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa.

Hili la 127 ndilo linalofanya programu iliyofaulu mikononi mwako ishindwe ikiwekwa kwenye cron, mfumo unaoendesha programu kwa ratiba. Cron ina `PATH`, orodha ya folda za kutafutia amri, fupi kuliko yako. Andika njia kamili ya amri, mfano `/usr/bin/lsblk`, utalala usingizi.

`hali == -1` nayo ina chanzo kimoja maarufu: mahali fulani kwenye programu, pengine ndani ya maktaba, kumeandikwa `signal(SIGCHLD, SIG_IGN)`, yaani kupuuza ishara ya kwamba mchakato mtoto (hapa sheli ya `popen`) umekwisha. Hapo mfumo unamzika mtoto kabla `pclose` haijamuuliza, na `errno` inakuwa `ECHILD`. Jibu umelipata lakini hali imepotea. Irudishe SIGCHLD kuwa `SIG_DFL` kabla ya kuita `popen`.

Kuhusu `AMRI_IMEKATAA`, usiweke kanuni moja kwa amri zote. Kwa `grep` na `pgrep`, namba 1 ni jibu halali: nimetafuta, hakipo. `find` isipopata kitu inatoka na 0 na kimya. Kila amri ina lugha yake, na lugha hiyo imeandikwa kwenye ukurasa wake wa `man`, sehemu ya EXIT STATUS. Isome kabla hujaandika mstari wa C. Ni dakika mbili.

Hatua ya 5: Usiizibe midomo amri wala usiichanganye

Kishawishi kikubwa ni kusafisha jibu ndani ya amri yenyewe: `lsblk ... | head -n 1` au `| tr -d ' '`. Ukifanya hivyo, namba ya kutoka unayoipata ni ya amri ya mwisho kwenye bomba. `lsblk` inaweza kukataa kabisa, `head` ikatoka na 0, nawe ukasoma "imefaulu, jibu tupu". Fanya usafishaji ndani ya C. Usitegemee pia `set -o pipefail`, inayofanya kushindwa kwa amri yoyote kwenye bomba kuonekane, kwa kuwa tu inafanya kazi kwenye terminali yako: Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 imeifanya `/bin/sh` kuwa sheli ya dash, si bash, na si kila dash inaielewa.

Kishawishi cha pili ni `2>&1`, inayochanganya `stderr` na jibu la kawaida. Inaonekana ni uangalifu, lakini kwa kazi hii ni hatari, kwa sababu lile lalamiko la `lsblk` litaingia kwenye bafa na kuwa "jibu". Programu isiyoangalia namba ya kutoka itajaribu kunakili kwenda kwenye folda inayoitwa `lsblk: /dev/disk/by-label/AKIBA: not a block device`. Na `2>/dev/null`, inayotupa `stderr` yote, inakuficha sababu siku utakayoihitaji zaidi. Mimi huelekeza `stderr` kwenye faili la kumbukumbu kwa `2>>`. Hakikisha tu programu ina ruhusa ya kuliandika faili hilo, maana sheli ikishindwa kulifungua haitaiendesha amri kabisa, itatoka na namba isiyo sifuri, nawe utadhani aliyekataa ni `lsblk`.

Hatua ya 6: Tenda kwa kila hali

```c
char njia[4096];
int hali;
ssize_t n = soma_amri(
    "/usr/bin/lsblk -no MOUNTPOINT "
    "/dev/disk/by-label/AKIBA 2>>/var/log/akiba.log",
    njia, sizeof njia, &hali);

switch (pima(n, hali, njia)) {
case JIBU_LIPO:
    njia[strcspn(njia, "\n")] = '\0';
    if (njia[0] == '/')
        nakili(njia);
    else
        fprintf(stderr, "Jibu la ajabu: %s\n", njia);
    break;
case JIBU_TUPU:
    fputs("Diski ipo, haijapachikwa.\n", stderr);
    break;
case AMRI_IMEKATAA:
    fprintf(stderr, "lsblk imetoka na %d.\n",
            WEXITSTATUS(hali));
    break;
case HATUJUI:
    fputs("Hali ya diski haijulikani.\n", stderr);
    break;
}
```

`strcspn` ndiyo njia salama ya kuondoa alama ya mstari mpya. Inahesabu herufi hadi inapoikuta. Isipoikuta inaishia kwenye sifuri ya mwisho, na kuandika sifuri juu ya sifuri hakumdhuru mtu. Inafanya kazi hata bafa ikiwa tupu.

Kwenye `AMRI_IMEKATAA` sikuandika "diski haipo", ingawa mara nyingi ndiyo maana yake. Naandika kile ninachokijua, yaani namba. Ujumbe unaokisia utampeleka mtu wa zamu kutafuta waya wakati kosa ni ruhusa ya faili la kumbukumbu.

Hatua ya 7: Jaribu bila kusubiri diski itolewe

Huhitaji kifaa chochote. Ipe `soma_amri` amri hizi, moja moja, na uchapishe alichoamua `pima`:

```
true            baiti 0, namba 0      JIBU_TUPU
echo            baiti 1, namba 0      JIBU_TUPU
printf '   '    baiti 3, namba 0      JIBU_TUPU
false           baiti 0, namba 1      AMRI_IMEKATAA
haipo_kabisa    baiti 0, namba 127    HATUJUI
kill -9 $$      baiti 0, ishara 9     HATUJUI
echo /mnt/x     baiti 7, namba 0      JIBU_LIPO
```

Ziendeshe zote ndani ya mzunguko mmoja, kwa bafa moja, ukianza na `echo /mnt/x` kisha `false`. Mpangilio huo ndio unaofichua bafa lenye jibu la jana. Msimbo wangu wa kwanza ungeshindwa hapo hapo, ndani ya sekunde moja, mezani kwangu.

Ongeza jaribio moja la jibu kubwa: `head -c 100000 /dev/zero` kwa bafa la baiti 4096. Lazima upate `HATUJUI`, na programu isining'inie.

Pale dukani niliongeza kinga nyingine ndani ya `nakili` yenyewe: `stat` kwenye folda ya akiba na kwenye mzazi wake, kisha kulinganisha `st_dev` zao, yaani namba za diski zilimo. Zikilingana, folda hiyo iko kwenye diski kuu na hakuna kinachonakiliwa. Mhasibu bado anaondoka na diski mchana, na tangu hapo faili la kumbukumbu limekuwa likiandika `lsblk imetoka na 32.` kila saa hadi anaporudi nayo asubuhi.